Chembe za plastiki: Kutoka barafu ya Antaktika hadi maji ya Ziwa Tanganyika

BUJUMBURA – Kila mvua kubwa inaponyesha kwenye milima inayoizunguka Bujumbura, mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi ikiwa na rangi ya udongo. Hubeba mchanga, matawi na mawe, na pamoja navyo chupa za maji na soda, vipande vya mifuko, viatu vya plastiki vilivyokatika na mabaki ya magunia. Safari ya vitu hivyo hukoma katika Ziwa Tanganyika. Baada ya siku chache wimbi hurudisha baadhi yake ufukweni, ambako wakazi huviona na kuvilalamikia.

Hata hivyo, wanasayansi wanaochunguza uchafuzi wa maji duniani wanazidi kuelekeza macho yao kwenye kile ambacho wimbi halikirudishi: chembe za plastiki ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona, ambazo samaki humeza na ambazo hazina mtu wa kuziokota. Chembe hizo zimekwisha kugunduliwa katika barafu ya ncha zote mbili za dunia, mahali pasipo na soko, jalala wala barabara. Kwa jiji kama Bujumbura, linalokunywa maji ya ziwa na kula samaki wake, ugunduzi huo una maana ya karibu sana.

Chembe hizi ni nini?

Wataalamu huziita mikroplastiki. Ni kipande chochote cha plastiki chenye ukubwa usiozidi milimita 5, yaani kuanzia kitu kinacholingana na punje ya mchele hadi vumbi linaloonekana kwa hadubini pekee. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza na wenzake walipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba vipande vidogo vya plastiki vilikuwa vimetapakaa katika fukwe na maji ya bahari.

Chembe hizo zipo za aina mbili. Za kwanza hutengenezwa zikiwa ndogo tangu kiwandani, kama vile punje ambazo viwanda huyeyusha ili kutengeneza vyombo, au vijipunje vilivyokuwa vikitiwa katika sabuni za kusugulia uso. Za pili, ambazo ndizo nyingi zaidi, hutokana na vitu vikubwa vinavyochakaa. Mfuko ulioachwa juani hukauka, hupasuka, kisha huwa unga. Nguo ya poliesta hupoteza nyuzi kila inapofuliwa. Tairi la gari husagika juu ya lami. Wavu wa nailoni hulika kila unapovutwa juu ya ubao wa mtumbwi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Hugawanyika tu. Kipande kimoja huwa kumi, kumi huwa elfu, lakini kitu chenyewe kinabaki kuwa plastiki.

Ushahidi kutoka kwenye barafu

Kwa miaka mingi bahari za ncha za dunia zilihesabiwa kuwa miongoni mwa sehemu safi zaidi zilizobaki. Imani hiyo ilianza kutikisika mwaka 2014, wakati watafiti waliochunguza barafu ya bahari ya Aktiki, upande wa kaskazini, walipotangaza kwamba barafu hiyo ilikuwa imehifadhi chembe za plastiki ndani yake. Mwaka 2018 wanasayansi wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walichapisha matokeo yaliyozua mshangao mkubwa zaidi: katika baadhi ya sampuli walikuta hadi chembe 12,000 katika lita moja ya barafu ya Aktiki.

Upande wa kusini, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia, walieleza kwamba walikuta chembe 96 za plastiki za aina 14 katika kipande cha barafu ya bahari kilichochimbwa Antaktika mwaka 2009. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walitangaza kwamba theluji mbichi ya Antaktika nayo ilikuwa na plastiki, kwa wastani wa chembe 29 katika kila lita ya theluji iliyoyeyushwa. Aina iliyoonekana mara nyingi ni ile inayotumika kutengeneza chupa za vinywaji na nguo.

Chembe hizo zilifikaje huko? Nyingine zilisafirishwa na mikondo ya bahari. Nyingine zilipeperushwa na upepo kama vumbi, zikaanguka pamoja na theluji. Nyingine zilitoka karibu, katika meli, mavazi na vifaa vya vituo vya utafiti vyenyewe. Funzo lake ni moja: umbali si kinga. Ikiwa theluji ya Antaktika imefikiwa, ziwa lililozungukwa na miji na mamilioni ya watu haliwezi kudhaniwa kuwa salama.

Ziwa lisilotoa kilichoingia

Ziwa Tanganyika lina tofauti moja kubwa na bahari. Maji ya bahari huzunguka dunia nzima. Maji ya Tanganyika hukaa. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na linahifadhi karibu asilimia 17 ya maji yote baridi yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya kimiminika.

Mito mingi huingia ndani yake, mikubwa ikiwa Ruzizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka mashariki. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia karibu na mji wa Kalemie nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu kubwa zaidi ya maji yanayoondoka ziwani hayapiti hata huko. Hugeuka mvuke chini ya jua. Wataalamu hukadiria kwamba maji hukaa ziwani kwa zaidi ya miaka 400 kwa wastani kabla ya kuondoka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Maji hugeuka mvuke, lakini plastiki haigeuki. Kile kilichoingia kwa njia ya mto na kisichopata njia ya Lukuga kitabaki: kitaelea, kitamezwa, kitatupwa ufukweni au kitazama. Kinachozama hukutana na mazingira ya pekee, kwa kuwa maji ya chini ya Tanganyika hayachanganyiki kikamilifu na yale ya juu. Chini ya takriban mita 100 katika sehemu ya kaskazini, na kina kikubwa zaidi upande wa kusini, hakuna oksijeni. Mwanga wa jua nao haufiki. Jua, joto na oksijeni ndivyo vitu vinavyoharakisha kuchakaa kwa plastiki. Penye giza na pasipo hewa, kipande kinaweza kulala katika tope kwa muda mrefu sana.

Upepo nao una sehemu yake. Katika majira ya kiangazi, kati ya mwezi Mei na Septemba, pepo za kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Vitu vinavyoelea hufuata maji hayo, na kaskazini ndiko iliko Bujumbura, pamoja na Uvira kwenye upande wa Kongo.

Zinatoka wapi?

Katika jiji la Bujumbura vyanzo vinajulikana hata kabla ya kupimwa. Kwanza ni taka za majumbani na masokoni zinazotupwa kwenye mitaro na kingo za mito. Pili ni maji ya kufulia nguo. Jalala la jiji na mabwawa ya kusafishia maji taka yako Buterere, kaskazini mwa jiji, lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Maji ya kufulia humwagwa uani au mtaroni, na nyuzi za poliesta na nailoni huondoka nayo. Tatu ni barabara na gereji: vumbi la tairi hukusanyika kando ya lami na kusombwa na mvua ya kwanza. Buyenzi, mtaa maarufu wa wasemaji wa Kiswahili na wa mafundi wa magari, umepakana na mto Ntahangwa.

Nne ni uvuvi wenyewe. Nyavu, kamba na maboya ya siku hizi ni vya plastiki. Wavu uliochakaa mara nyingi huachwa ziwani au ufukweni, na hapo huendelea kutoa nyuzi kwa miaka.

Lakini si uchafu wote ni wa Burundi. Mto Ruzizi huanzia Ziwa Kivu, mjini Bukavu, na kuporomoka takriban mita 700 kabla ya kuingia Tanganyika karibu na Gatumba. Huko Bukavu, taka za plastiki zinazoelea katika Ziwa Kivu zimekuwa zikisongamana kwenye bwawa la umeme la Ruzizi na kusababisha mitambo kusimama, hata wafanyakazi wakalazimika kuziopoa kwa mikono na mashine. Plastiki inayofanikiwa kupita hukwaruzwa na mawe na maporomoko, na inaweza kufika ziwani ikiwa imekwisha kuwa vipande.

Mafuriko huzidisha hali hiyo. Maji yalipoifunika Gatumba mwaka 2020, na tena mwaka 2024 maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika makazi ya wakazi wa kandokando, yaliporudi nyuma yalichukua sehemu ya vitu vya ndani ya nyumba, masoko na mitaro.

Ndagala, mukeke na maji ya bomba

Swali ambalo wakazi wengi huuliza ni kama samaki wa ziwa bado wanafaa kuliwa. Jibu la wataalamu wa lishe halijabadilika: samaki ni chanzo bora cha protini, kalsiamu na madini mengine, na kwa familia nyingi za Burundi ndagala ndiyo kitoweo kinachowezekana. Hakuna shirika la afya lililowashauri watu kuacha kula samaki kwa sababu ya mikroplastiki.

Hata hivyo, ndagala wana sababu ya pekee ya kuchunguzwa. Samaki wakubwa kama sangala na mukeke hupasuliwa na matumbo kutupwa, na chembe nyingi za plastiki hukaa katika matumbo hayo. Ndagala huliwa mzima mzima, pamoja na utumbo wake. Tena mara nyingi huanikwa ufukweni, juu ya mchanga au vichanja, ambako vumbi na nyuzi zinaweza kunata juu yao. Kwa hiyo kipimo kinachofanywa kwa minofu ya sangala hakiwezi kumjibu mlaji wa ndagala.

Katika eneo la Maziwa Makuu ushahidi wa kwanza ulitoka Ziwa Victoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza matumbo ya sangara na sato waliouzwa mjini Mwanza, Tanzania, na kuthibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa kila aina. Tafiti nyingine zilizofuata upande wa Uganda zilikuta chembe hizo katika maji ya juu na katika mchanga wa fukwe. Samaki mdogo anayekula viumbe vidogo vya majini humeza chembe kwa kudhani ni chakula; mkubwa naye humla mdogo. Katika Tanganyika mnyororo huo ni mfupi na unajulikana: ndagala huliwa na mukeke, mukeke huliwa na binadamu.

Kuhusu maji, shirika la REGIDESO huchota sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura katika ziwa na kuyasafisha kabla ya kuyasambaza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba usafishaji wa kawaida unaofanyika ipasavyo, wenye hatua za kugandisha uchafu na kuuchuja, huondoa sehemu kubwa ya chembe hizo. Liliongeza kwamba ushahidi uliokuwapo haukuonyesha hatari kwa afya kwa viwango vilivyoonekana, ingawa lilitaka utafiti zaidi ufanyike. Tangu hapo chembe hizo zimegunduliwa katika damu ya binadamu, katika utafiti uliochapishwa nchini Uholanzi mwaka 2022. Kugunduliwa ndani ya mwili hakumaanishi kwamba madhara yamethibitishwa, bali kumeongeza haja ya kujua ni kiasi gani kinaingia na kwa njia ipi.

Kwa sasa, hatari iliyo wazi zaidi katika maji yasiyosafishwa ni ile ya siku zote: vijidudu vya kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Plastiki inayoziba mitaro hushiriki katika hatari hiyo kwa kutuamisha maji machafu karibu na makazi.

Zinapimwaje?

Kuzipima si kazi ya anasa, lakini inahitaji nidhamu. Kwa maji ya juu, watafiti huburuta nyuma ya mashua wavu wenye matundu ya takriban theluthi moja ya milimita, kisha huandika umbali waliokwenda ili kujua ni kiasi gani cha maji kimepita ndani yake. Chembe zilizo ndogo kuliko matundu hayo huhitaji maji kukusanywa katika ndoo za chuma na kuchujwa kwa karatasi maalumu.

Kwa mchanga na tope, sampuli huchanganywa na maji yenye chumvi nyingi. Mchanga huzama, plastiki nyingi huelea, na hapo hukusanywa. Kwa samaki, utumbo huyeyushwa kwa dawa kali inayomaliza nyama na kuiacha plastiki. Hatua ya mwisho ni kuthibitisha, kwa kuwa uzi wa pamba na uzi wa poliesta hufanana chini ya hadubini. Mashine humulika chembe kwa mwanga wa infraredi na kusoma jinsi inavyoufyonza. Kila aina ya plastiki ina namna yake.

Ugumu mkubwa ni uchafu wa maabara yenyewe. Nyuzi za nguo za mtafiti zinaweza kuanguka katika sampuli na kuhesabiwa kana kwamba zimetoka ziwani. Ndiyo maana hutakiwa kuvaa nguo za pamba, kutumia vyombo vya kioo na chuma, na kupima pia maji safi yasiyo na sampuli ili kujua ni nyuzi ngapi zimetoka hewani. Ugumu wa pili ni ulinganifu. Ikiwa Bujumbura itatumia wavu wa matundu makubwa na Kigoma ikachuja kwa karatasi, takwimu za miji hiyo miwili haziwezi kuwekwa katika jedwali moja.

Takwimu zilivyozaa sheria

Historia fupi ya mikroplastiki inaonyesha kwamba vipimo vinaweza kubadilisha sheria kwa haraka. Mwaka 2012 watafiti walikusanya sampuli katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na kukuta vijipunje vilivyofanana na vile vya sabuni za uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kufikia Desemba 2015, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kupiga marufuku vijipunje hivyo katika sabuni na dawa za meno. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya nao ulizuia mikroplastiki zinazotiwa kwa makusudi katika bidhaa. Katika mfano wa Marekani, kilichosaidia ni kwamba watafiti hawakusema tu kuwa ziwa limechafuka. Waliweza kutaja bidhaa iliyochafua.

Burundi haikosi sheria. Amri ya rais ya Agosti 2018 ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyotajwa, na kutoa muda wa miezi 18 kabla ya kuanza kutekelezwa. Rwanda ilikuwa imechukua hatua hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania ilifuata mwezi Juni 2019. Lakini amri inayohusu mifuko na vifungashio haigusi nyuzi za nguo, vumbi la tairi wala nyavu zilizochakaa. Bila kipimo, serikali haiwezi kujua kama marufuku hiyo imepunguza plastiki ziwani, wala ni chanzo kipi kinachostahili kushughulikiwa baada yake.

Wala Burundi haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Sehemu yake ya ziwa ni takriban asilimia 8 tu. Sehemu iliyobaki imegawanyika kati ya Tanzania, Kongo na Zambia. Nchi hizo nne zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, unaozitaka zizuie na kudhibiti uchafuzi. Chombo cha kuutekeleza, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, kina makao yake Bujumbura. Jukwaa la kukubaliana juu ya wavu mmoja, ukubwa mmoja wa matundu na majira yale yale ya kupima tayari lipo, tena ndani ya jiji hili.

Rwanda, ingawa haina ufuko katika Tanganyika, nayo inahusika. Ziwa Kivu ni la Rwanda na Kongo kwa pamoja, na maji yake ndiyo Ruzizi.

Kinachosubiriwa

Katika ngazi ya dunia, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana mjini Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024, na yale ya Geneva mwezi Agosti 2025, yalimalizika bila makubaliano. Mgawanyiko mkubwa ni kama mkataba uweke kikomo kwa utengenezaji wa plastiki au ujishughulishe na usimamizi wa taka pekee.

Kwa wakazi wa Bujumbura, baadhi ya hatua hazingoji Geneva. Kuchoma plastiki uani, au kuitumia kuwashia makaa, hakuiondoi. Huigeuza moshi wenye sumu ndani ya nyumba na majivu yenye vipande vidogo ambavyo mvua huvisomba. Wavu mkuukuu ukirudishwa nchi kavu na kukusanywa mahali pamoja hautoi nyuzi ziwani. Ndagala wakianikwa juu ya vichanja vilivyoinuliwa, badala ya mchangani, hukauka wakiwa safi zaidi na huuzwa kwa bei nzuri zaidi.

Hatua nyingine zimo mikononi mwa wenye mamlaka: kukusanya taka kabla ya msimu wa mvua na si baada yake, kuweka vizuizi vya kunasa taka katika mito kabla haijafika ziwani, na kuwapa watafiti wa vyuo na taasisi za nchi hizi nne vifaa na mashua za kupima sehemu zile zile kila mwaka. Antaktika haina wakazi wa kudumu, na bado mataifa yamepeleka meli na maabara kuhesabu plastiki iliyomo katika theluji yake. Kandokando ya Tanganyika wanaishi mamilioni ya watu wanaokunywa maji yake, na takwimu zitakazokusanywa huku ndizo zitakazowaambia kama sheria zao zinafanya kazi.